Mgeni Kwenye Skwadi
Mhadhara kwa manahodha wa timu za gemu, Mbeya

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, mambo? Nashukuru ukumbi umejaa na baridi hii ya Julai. Najua wapo waliotoka Uyole na Iyunga kwa bodaboda, na mchezaji wa simu vidole vikifa ganzi, kaisha. (Kicheko.)

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumlea mchezaji mgeni kwenye gemu za timu. Mifano yangu mingi itatoka PUBG Mobile, gemu ya risasi ya kwenye simu, kwa sababu ndiyo naiona mikononi mwenu: skwadi ya watu wanne, ramani moja, wachezaji hadi 100. Wa Dota 2 na Counter-Strike mnachezea watano watano, lakini ugonjwa wenu ni huu huu.

Mkongwe anamwita mdogo wake kwenye skwadi. Wanashuka na parachuti, na tangu miguu iguse chini mdomo haufungwi. "Okota hiyo! Acha hiyo! Njoo huku! Sasa unafanya nini huko?" Mtoto wa watu anasikia sauti ya kaka yake kuliko nyayo za adui, na kwenye gemu hii nyayo ndizo zinazokuambia mtu yuko ngazini au nyuma ya ukuta. Anapigwa. Halafu anaambiwa hasikii.

Mechi ikishaanza, somo limefungwa. Kinachobaki ni taarifa, na taarifa ina namna yake ya kutolewa. Juu ya kioo kuna dira yenye namba. "240, mmoja, nyuma ya jiwe." Basi, nyamaza. Ukipiga kelele "pale pale, kwenye mti!", ramani ya Erangel ina miti mingapi? Mgeni mfundishe dira kabla hujamfundisha kulenga. Mkono wa kulenga huchukua miezi kukomaa, ila namba anaweza kuisoma leo hii, na akiisoma vizuri skwadi imeongeza jicho. Hata akiwa ameangushwa, hajafa ila anatambaa, bado anaweza kusema aliyempiga yuko wapi.

Mambo ya kwamba bunduki ya M416 inakula risasi za 5.56 na AKM inakula 7.62, hayo ni ya uwanja wa mazoezi. Humo hakuna anayepoteza pointi, ulizeni na kujibu mpaka mchoke.

Halafu mpeni kazi. Wengi wenu mgeni mnamfanya mbeba bandeji: tembea nyuma yangu, usiguse kitu. Anamaliza mechi kumi hajaamua chochote. Mkiwa ndani ya nyumba, mwambie, "Ngazi ni yako. Mtu akipanda, sema." Siku hiyo ngazi ikivunjwa, mtajua nini cha kuzungumza baadaye. Na msikimbilie kumwondoa pale kwa sababu ameachia mtu mmoja apite.

Jambo moja nawaomba mlitazame kwa makini, maana linaua wageni kuliko bunduki. Mwenzao akiangushwa uwanjani, wanamkimbilia. Roho nzuri, lakini kumnyanyua mtu huchukua kama sekunde 10, na wewe umepiga magoti hujibu risasi. Adui aliyemwangusha wa kwanza hajaondoka, anakusubiri wewe. Mgeni afundishwe mpangilio: bomu la moshi kwanza, au wengine wamkandamize adui kwa risasi, ndipo aende. Lifanyieni zoezi wanne wote, mpaka mkono utafute moshi wenyewe.

Baada ya mechi, fungueni marudio ya kifo. Kimoja tu, hata kama amekufa vibaya mara sita. Na swali lianze kwake: "Kabla hujapigwa, ulikuwa unajua nini?" Mara nyingi utakuta aliamua vizuri kwa alichokijua, ila nyinyi mlioona adui hamkusema. Hapo anayepaswa kurekebishwa ni nani? (Makofi.)

Kuna mtego wa madaraja. Madaraja ya chini yamejaa boti, wale wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta. Mgeni anaua kumi na mbili, anajiona simba. Mnampandisha, anakutana na watu wenye akili zao, anakata tamaa wiki hiyo hiyo. Mwambieni mapema boti anafananaje. Wapo wakongwe wanaofungua akaunti mpya ili washuke wacheze naye huko chini. Mimi siungi mkono, maana mnakwenda kuwapiga wageni wa wenzenu.

Sasa mgeni aliyelelewa anafika wapi? Mwaka 2018, timu ya OG ya Dota 2 ilivunjika miezi michache kabla ya The International, mashindano makubwa kabisa ya gemu hiyo. Johan Sundstein, jina lake la gemu N0tail, akabaki kukusanya watu. Kocha wao Ceb akaingia kucheza, mchezaji wao wa zamani aitwaye "ana" akarudi, na njia ya katikati ya ramani wakampa Topson, kijana wa Finland asiye na uzoefu wa majukwaa makubwa kama lile. Walipitia mchujo wa wazi, unaoruhusu timu yoyote. Topson alikuwa na uchezaji wake wa ajabu ajabu, nao wakauacha ubaki wake, wakapanga wengine kuuzunguka. Agosti, Vancouver, waliifunga timu ya PSG.LGD 3-2, wakachukua zaidi ya dola milioni 11. Mwaka uliofuata, wale wale watano walirudia ubingwa huo Shanghai.

Matusi sitayaongelea sana. Nahodha anayemtukana mgeni, mvueni unahodha.

Niulizeni maswali. Ila yule dada aliyenikamata mlangoni na habari ya bando, nakujibu kwanza. Kucheza kwenyewe hakuli sana, kinachomaliza bando ni masasisho. Yapakueni kwa bando la usiku. Na mkitazama marudio, tazameni kwenye simu moja mkiwa mmekaa pamoja, ya mgeni, yeye ndiye ashike kioo na kusimamisha anapotaka kuuliza.