Robo toni kwenye kibodi: taarab kwa ala za kompyuta

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo ni ala za kompyuta, zile plagini ambazo ukibonyeza kibodi unasikia udi, kanuni ile ya nyuzi, hata okestra nzima. Nataka tuanze na taarab, maana huko ndiko zinakobanwa hasa. Kaka Salum, kuna nini huko?

SALUM: Dada, bit ya Bongo Fleva unaimaliza yote ndani ya programu ya FL Studio, hapapungui kitu. Lete wimbo wa maqam Rast, moja ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, uone. Kibodi imegawa oktavu sehemu 12 zilizo sawa. Rast ikianzia C, noti yake ya tatu inakaa kati ya E flati na E, robo toni chini ya E. Kitufe chake hakipo. Ya saba vilevile, kati ya B flati na B.

MWANAIDI: Na mpiga udi wala halimsumbui, kidole chake kinatua popote kwenye shingo.

SALUM: Ndiyo. Sasa kwenye kompyuta, njia ya haraka ni gurudumu la kupinda sauti. MIDI, ile lugha ambayo kibodi na kompyuta zinaelewana nayo tangu 1983, inaligawia gurudumu hilo hatua 16,384. Ala nyingi zimepangwa kupinda toni moja juu na toni moja chini, kwa hiyo robo toni ni hatua 2,048. Ishushe E kiasi hicho, umefika.

MWANAIDI: Ila ukipinda, chaneli nzima inapinda, yaani noti zote za ala hiyo. Ukiwa umeshika C na E pamoja, zote mbili zinashuka. Kwa kanuni inayopiga melodi peke yake sawa, kwa akodiani yenye kodi utaharibu.

SALUM: Ndiyo maana mimi napendelea kutuni ala yenyewe. Plagini ya Surge XT ni ya bure na inasoma mafaili ya Scala, yale yanayoandikwa tuni ya kila noti. Nusu toni ni senti 100, kwa hiyo ukihesabu kutoka C, E unaiandikia senti 350 badala ya 400, B senti 1,050 badala ya 1,100. Kisha unapiga kwa vidole vyako, bila kugusa gurudumu.

MWANAIDI: Na hiyo 350 msiishike kama amri, jamani. Waturuki wanaiweka noti hiyo juu zaidi, Waarabu chini yao. Tafuteni rekodi za Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Zanzibar kilichoanza 1905, msikilize, mrudi kuisogeza mpaka masikio yaridhike.

SALUM: Hapo umenena.

MWANAIDI: Halafu kuna jambo linaloniumiza zaidi ya tuni. Mtu anachora noti zote kwa nguvu moja, 100, 100, 100. MIDI imekupa ngazi mpaka 127! Mpiga kanuni anaporudiarudia noti kwa haraka, risha, kile kidude cha kukwaruzia nyuzi, ya kulia na ya kushoto hazilingani uzito. Plagini ikitoa sauti ileile iliyorekodiwa mara nane mfululizo, msikilizaji anaijua mashine papo hapo. Tafuta ala iliyorekodiwa kila noti mara kadhaa, izibadilishe yenyewe kwa zamu. Nguvu nazo zipande na kushuka na pumzi ya mwimbaji.

SALUM: Na usichore kwa mausi, piga. Ukisikia sauti inachelewa, punguza bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli 256, kompyuta ikitoa sampuli 44,100 kwa sekunde, ni kama milisekunde 6, kidole hakigundui. Ikiwa 1,024 ni kama 23, hapo mdundo unakukimbia. Ukifika kwenye miksi, ipandishe tena kompyuta ipumue.

MWANAIDI: Kwa fidla je?

SALUM: Fidla mimi bado sijaridhika. Yale mateleza kutoka noti hadi noti, upinde unaokaza katikati ya sauti, hayo yanatoka mkononi. Tunga kwa plagini, panga sehemu zote, kisha muite mpigaji. Dhow Countries Music Academy pale Zanzibar inafundisha vijana tangu 2002, wapigaji wapo. Fidla moja ya kweli juu ya zile tatu za kompyuta, na zile tatu nazo zinaanza kusikika kama za watu.

MWANAIDI: Na mlipeni.

SALUM: Mlipeni siku hiyohiyo.