Muhuri Hautoshi: Kuzipima Nyaraka za Serikali Kuhusu UFO

Ndugu zangu, tunazungumzia nyaraka za serikali ya Marekani kuhusu UFO, yaani vitu visivyotambulika vinavyoonekana angani. Nianze na bahasha. Desemba 1984, mtayarishaji wa filamu wa Marekani, Jaime Shandera, aliletewa kwa posta bahasha isiyo na jina la mtumaji. Ndani mlikuwa na mkanda wa filamu ambao haujasafishwa. Uliposafishwa zikatokea kurasa zenye mhuri wa siri kuu: taarifa ya tarehe 18 Novemba 1952 kwa Eisenhower, rais mteule, ikimweleza kwamba kamati ya watu 12, Majestic 12, inashughulikia chombo kilichoanguka karibu na Roswell, mji wa jimbo la New Mexico, mwaka 1947, pamoja na miili ya viumbe wasio binadamu.

Hapo mkononi hatuna karatasi, tuna picha yake tu. Wino haupimiki, umri wa karatasi haupimiki. Aliyechagua kutuma filamu, nadhani, alijua anachokifanya.

Ila saini inaonekana. Pamoja na taarifa ile kulikuwa na barua ya Truman, rais wa Marekani wakati huo, ya 24 Septemba 1947. Philip Klass, mwandishi wa habari za anga, aliionyesha saini hiyo kando ya ile iliyo kwenye barua halali ya Truman kwa mwanasayansi Vannevar Bush, ya 1 Oktoba mwaka huohuo. Zinalandana mpaka pale kalamu ilipoteleza. Jaribuni wenyewe kutia saini mara mbili, kisha mzilinganishe: hazitalandana hivyo.

Watetezi wa nyaraka hizo wakajibu kwamba ushahidi mwingine ulipatikana mwaka 1985 ndani ya Nyaraka za Taifa zenyewe, hifadhi ya kumbukumbu za serikali ya Marekani: nakala ya barua fupi ya 14 Julai 1954, inayoitaja Majestic 12, kutoka kwa Robert Cutler, msaidizi wa rais, kwenda kwa Jenerali Twining wa Jeshi la Anga. Haina saini wala namba ya usajili, na siku hiyo Cutler alikuwa safarini ng'ambo. Kukutwa ndani ya kasha la serikali hakuonyeshi nani aliiweka humo.

Hiyo ndiyo kazi rahisi, kumkamata mghushi. Kinachonisumbua zaidi ni karatasi ambayo ni halali kabisa. Tarehe 22 Machi 1950, Guy Hottel wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, mjini Washington alimwandikia mkurugenzi wake kwamba visahani vitatu vya kuruka angani vimeokotwa New Mexico, kila kimoja na upana wa takribani mita 15, ndani yake miili mitatu mitatu. Hakuna anayebisha kwamba barua hiyo ni ya FBI. Sasa waliosoma elimu ya hadithi za Mtume watauliza upesi: imepokewa kwa nani? Hottel hakuona kitu. Aliambiwa na mtu, aliyeambiwa na mpelelezi wa Jeshi la Anga, naye akimnukuu mtoa habari wake. Barua yenyewe inamalizia kwa kusema hakuna tathmini zaidi iliyojaribiwa. Na hadithi kama hiyo ilikuwa ikivumishwa wakati ule na Silas Newton, ambaye baadaye alitiwa hatiani kwa utapeli wa mitambo ya kutafutia mafuta.

Mtaniuliza: je, serikali yenyewe haidanganyi? Hudanganya. Mwaka 1947 jeshi lilisema vya Roswell ni vipande vya puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 Jeshi la Anga likatoa ripoti kwamba ulikuwa mradi wa siri wa Mogul, maputo ya kusikiliza majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Kwa nini tuamini kauli ya pili ya mtu aliyedanganya ya kwanza? Mimi naipa uzito kwa sababu Mogul iliacha makaratasi ya wakati wake, yakiwamo ya wahandisi wa Chuo Kikuu cha New York, yaliyoandikwa kabla Roswell haijawa ubishi wa mtu yeyote. Lakini pengo lipo: puto linalotajwa kuwa ndilo lililoanguka, la tarehe 4 Juni 1947, halina takwimu za safari yake katika ripoti za chuo, na shajara ya mwanasayansi wa mradi inasema urushaji haukufanyika kwa ajili ya mawingu, kisha inataja fungu la maputo lililopaa siku hiyohiyo. Wanaobishana na ripoti ya 1994 hushika hapo, na wana haki ya kushika hapo.