Nywele za kuongezea: zichague kwa kiberiti, zitunze kwa joto la Dar

Karibuni tena, wapendwa. Hapa mezani nina pakiti ya rasta, wivingi ya nywele za binadamu, wivingi nyingine inayojiita ya binadamu, na wigi lenye lesi mbele, yaani ule wavu mwembamba unaolala kwenye paji. Kiberiti nacho nimekiweka makusudi, kazi yake mtaiona.

Hatua ya kwanza inafanyika nyumbani kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo. Simama mbele ya kioo, zitazame nywele zako za pembeni: juu ya masikio, kwenye paji, na kisogoni. Zimekonda? Kuna vipele vidogo vidogo? Panauma ukigusa? Basi mwezi huu usisuke wala usishonee. Nywele zikivutwa mfululizo mzizi unadhoofika, na ukiachwa hivyo miaka mzizi unakufa pakabaki kovu. Hapo mafuta ya aina yoyote, hata ya bei gani, hayaotishi kitu. Vaa wigi jepesi lisilo na gundi, la kuvua ukifika nyumbani. Na kama umetoka kuweka dawa ya kulainisha nywele, subiri angalau wiki mbili ndipo usuke.

Hatua ya pili, tazama maisha yako, achana kidogo na picha uliyoihifadhi kwenye simu. Unapanda bodaboda kila asubuhi? Helmeti itasukuma lesi ya wigi mpaka kwenye nyusi, afadhali rasta nyembamba au mistari. Unajitanda hijabu? Mafundo makubwa ya rasta hayalali chini ya mtandio, na kichwa kinachemka. Mistari ya kulala inatosha. Mama lishe, wewe unayeinamia jiko siku nzima, nywele za plastiki hazitaki moto wala mvuke wa sufuria. Zinayeyuka, tena zinaweza kukuunguza shingo.

Hatua ya tatu, tuingie dukani, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapoliwa hela. Utaambiwa hii ya Brazil, hii ya Peru. Hayo mara nyingi ni majina ya biashara tu. Nywele nyingi za binadamu sokoni zinatoka India na China. Kule India, kwenye hekalu la Tirumala, waumini hunyoa nywele kama sadaka na hekalu huziuza kwa mnada. Kwa hiyo usilipie jina la nchi, lipia nywele yenyewe.

Omba nyuzi chache, uzichomoe sehemu tofauti tofauti za furushi. Toka nazo nje. Nasema nje, duka limejaa nywele mpaka darini, usiwashe kiberiti humo! Choma ncha. Tazameni hii ya kwanza: inaungua haraka, inanuka kama manyoya ya kuku yaliyobabuliwa, na ukiisugua kwa vidole inakuwa majivu. Hiyo ni ya binadamu. Hii ya pili, oneni, inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Plastiki. Ukichoma nyuzi tano, nyingine zikawa majivu na nyingine kidonge, umeuziwa mchanganyiko. Mchanganyiko si dhambi kama umelipa bei ya mchanganyiko.

Jaribio jingine ni la vidole. Shika uzi mmoja, teleza kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Ukipanda juu lazima usikie unakwaruza kidogo, kwa sababu magamba ya unywele yanaelekea chini. Furushi ambalo magamba yote yamelala upande mmoja linaitwa remi, na halishikani ovyo. Zile ambazo magamba yalichubuliwa kwa asidi hupakwa silikoni zing'ae dukani. Silikoni ikishaoshwa mara chache, unabaki na kichaka.

Kuhusu bei, kwenye bajeti ya 2019/20 serikali iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa nywele za bandia kutoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Mimi kwa rasta za kawaida sioni sababu ya kukimbilia za nje. Na kumbuka wivingi ya mawimbi hupimwa ikiwa imenyooshwa, hivyo inchi 14 ukiivaa itaonekana fupi zaidi.

Hatua ya nne ni ya wanaowashwa kichwa kila wakisuka rasta. Usifungue raba ya pakiti. Jaza beseni maji ya uvuguvugu, mimina kikombe cha siki, zamisha rasta nusu saa. Utaona utando mweupe unaelea. Ndio unaowasha watu wengi. Suuza, anika kivulini.

Kwa msusi, fungua mdomo. Sisi tumelelewa na ile ya ukitaka uzuri sharti udhurike, lakini msuko unaokunyima usingizi umebana, basi. Mwambie alegeze papo hapo, hasa mbele. Akichovya ncha kwenye maji ya moto, dai taulo mabegani.

Wa wigi la gundi: paka tone nyuma ya sikio siku moja kabla. Pakivimba au pakiwasha, gundi hiyo si yako. Kuitoa ni kwa dawa yake ya kuyeyushia, usiivute.

Matunzo sasa. Kwa joto letu na jasho letu, osha kila baada ya wiki moja au mbili. Changanya shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, pitisha kwenye mistari, sugua kwa ncha za vidole. Mnaotumia maji ya kisima yenye chumvi, suuzia maji ya mvua au ya kununua, chumvi inakausha nywele mpaka zinalia. Ukitoka kuogelea Coco Beach au Kigamboni, suuza siku hiyo hiyo. Halafu kausha mpaka chini kabisa, maana wivingi iliyolaliwa mbichi hunuka na kuota ukungu. Umeme ukikatika, kaa mbele ya dirisha, usilale.

Wivingi ya binadamu haipati mafuta ya kichwa chako, kwa hiyo ipe kondishena kila ukiosha. Pasi usizidishe nyuzi joto 180. Ya plastiki usiipige pasi kabisa, labda pakiti iseme inaruhusiwa. Usiku funga kitambaa cha satini.

Wiki sita, zikizidi sana nane, fumua. Msiogope ule mpira wa nywele unaotoka: kila siku mtu hupoteza nywele 50 hadi 100, na zote zilikuwa zimenaswa humo. Toa kwanza uchafu ulioganda pale msuko ulipoanzia, chana kuanzia nchani, ndipo uoshe. Ukitanguliza maji, patakuwa fundo la kukatwa kwa mkasi.

Wivingi ya binadamu ikishafumuliwa ioshe, ianike, ikunje kwenye mfuko wa kitambaa, itarudi kichwani tena. Ya plastiki iliyochoka itupe, na msinitumie picha zake kuniuliza kama inafufuka.