Mkaa Ni Chakula?

Mhadhara uliotolewa Busia, Uganda, mbele ya walimu, wafanyabiashara wa soko na viongozi wa mitaa

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu wa sokoni, walimu wenzangu, hamjambo. Naona wengine mmeshaanza kucheka. Mzee aliyekaa pale nyuma amenipokea mlangoni kwa swali, "Mwalimu, leo tena ni mkaa?" Ndiyo, mzee wangu, leo tena ni mkaa. Mkinialika mwakani itakuwa mkaa, mpaka nipate wa kunijibu.

Mambo ya korona ya mwaka 2020 siwasimulii, mlikuwepo. Nawakumbusha mawili tu. Tarehe 25 Machi Rais alisimamisha usafiri wa abiria, akasema sokoni kiuzwe chakula, na visivyo chakula vikae nyumbani. Tarehe 30 akazuia na magari ya watu binafsi, akaweka kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na wauza chakula wakaambiwa wasirudi makwao, walale hukohuko sokoni siku 14. Hili nanyi mtanifundisha mimi. Wengine mlilala juu ya magunia ya viazi, chandarua kimefungwa kwenye nguzo ya kibanda.

Sina ugomvi na amri. Ugomvi wangu ni na neno moja lililokaa ndani ya amri, nalo ni chakula.

Shangazi yangu ana meza sokoni. Anauza maharage, dagaa, mihogo, na ubavuni mwa meza anaweka magunia mawili ya mkaa anaoupima kwa kopo. Hotuba ya Rais ya tarehe 25 ilikuwa Jumatano usiku. Alhamisi asubuhi akaja askari mmoja, kijana mrefu, mpole wa sura, kirungu mkononi. Akaanza ukaguzi.

"Mama, hii nini?"

"Maharage, afande."

"Na hii?"

"Dagaa."

"Na hii?"

"Mkaa."

"Mkaa si chakula. Ondoa."

Shangazi yangu hakusoma sana, lakini hoja anaijua. Akamwambia, "Sawa, mwanangu. Basi na maharage niondoe, maana mabichi hayaliki. Au wewe nyumbani unatafuna?" Askari akasimama pale akiwaza. Mnajua kijana akiwaza huku watu wanamtazama anavyopata shida. Mwishowe akasema, "Uweke nyuma. Usionekane." Kwa hiyo Alhamisi mkaa ulikuwa chakula cha kujificha.

Ijumaa akaja mwingine, mtu mzima mwenye masharubu. Huyu mkaa hakuutazama hata kidogo, nadhani kwake mkaa ulikuwa umekwisha, maana aliondoka na kopo mbili na akalipa. Ila aliona vipande vya sabuni. "Mama, watu wanakula sabuni?" Sabuni ikaondoka. Na redio ya jirani, meza ya pili tu kutoka hapo, inaimba toka asubuhi: oseni mikono kwa sabuni, oseni mikono kwa sabuni.

Jumamosi akaja wa tatu. Sabuni akaiacha, mkaa akauacha, akakamata viberiti. (Kicheko.) Mnacheka, lakini nyinyi mlinunua wapi kiberiti wiki ile?

Siku tatu, askari watatu, na kila mmoja na chakula chake. Basi shangazi akajitungia sheria yake mwenyewe. Kukicha, kabla ya kupanga bidhaa, anachungulia zamu ni ya nani. Akiona masharubu, anatoa mkaa, anaficha sabuni. Akiona kijana mrefu, anatoa sabuni, mkaa unakwenda nyuma. Ndiyo sheria iliyotumika kwenye meza ile, wala haikuandikwa Kampala.

Nasikia mwalimu mmoja ananong'ona kwamba wale askari walikosea. Hawakukosea! Hapo ndipo nabishana na watu kila mara. Mpe mtu kirungu, mpe neno moja, umwambie asimamie soko zima. Atafanya nini zaidi ya kutumia akili ya kwao? Kwa yule wa kwanza, chakula ni kinachoingia mdomoni. Kwa wa pili, ni kinachohitajika jikoni. Wa tatu sijamwelewa mpaka leo.

Sasa tuliangalie neno lenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Hotuba zile zilitolewa kwa Kiingereza, zikichanganywa na methali za kwao Rais. Usiku uleule watangazaji wa redio wakaanza kufasiri, kila mmoja kwa lugha ya wasikilizaji wake. Chukua Kiganda, ambacho wengi hapa mnakisikia. Chakula ni emmere. Sawa? Lakini Muganda akisema emmere hasa hasa anakusudia matooke, yaani ndizi za kupika, posho, yaani ugali, mihogo, viazi, kile kinachojaza sahani. Maharage si emmere. Samaki si emmere. Hizo ni enva, kitoweo. Kuna ebyokulya, vitu vya kuliwa, neno pana zaidi, lakini mtangazaji aliye mbioni saa nne usiku anakamata neno lililo karibu. Mwenye kufuata emmere herufi kwa herufi angefunga hata meza ya maharage!

Na sisi wa Kiswahili tusijione wajanja. Chakula, cha kula. Chumvi unaila? Hebu ile peke yake nikuone. Mafuta ya kupikia unayanywa? Lakini mwezi uleule wa Machi chumvi ilipopandishwa bei na wafanyabiashara, nchi nzima ililia, na Rais akawatishia kuwanyang'anya leseni. Hakuna aliyeuliza kama chumvi ni chakula. Kumbe tunajua! Mtu mzima anajua kwamba chakula ni kitu pamoja na kinachokiivisha, kinachokitia ladha na kinachoosha sufuria yake. Tunajua tukiwa jikoni, tunasahau tukishika kirungu au kalamu.

Ushahidi mwingine huu hapa. Mwanzoni mwa Aprili serikali ikaanza kugawa msaada Kampala na Wakiso. Kila mtu kilo 6 za unga wa mahindi, kilo 3 za maharage na chumvi, na mama anayenyonyesha na mgonjwa wakaongezewa maziwa ya unga na sukari. Jambo jema, silisemi vibaya. Lakini maharage makavu, ndugu zangu! Saa mbili, saa tatu jikoni. Kwa mtu wa Bwaise, mtaa wa maskini Kampala, aliyekuwa akila kwa kibarua cha siku, na kibarua kimefungwa, mkaa wa kuchemsha kilo 3 za maharage anatoa wapi? Ndiyo maana narudia swali langu. Mkaa ni chakula au si chakula?

Kuna toroli pia, niwachekeshe kidogo. Hotuba ya tarehe 30 ilisema maduka makubwa ya kujihudumia yabaki wazi, ila yapunguze idadi ya wanaoingia kwa pamoja na yaangalie namna ya kushika vile vigari vya kusukuma. Redioni nikasikia "toroli". Jirani yangu anayebeba mchanga kwa toroli akaja kuniuliza, kakunja uso, "Mwalimu, toroli nayo imewakosea nini?" Busia hii nani alikuwa akisukuma kigari dukani? Sheria ilimwona mnunuzi wa Kampala mwenye friji, anayenunua mara moja kwa wiki mbili. Haikumwona mama anayenunua dagaa wa mia tano na mafuta ya kifuko kila siku jioni, kwa sababu fedha yenyewe inaingia kila siku jioni. Kumwambia huyu "nunua kwa wingi, ukae ndani" ni sawa na kumwambia awe tajiri ifikapo Jumatatu.

Najua mtakachosema. Mtasema, "Mwalimu, ugonjwa ulikuwa unakuja mbio, hapakuwa na muda wa kuchambua sarufi." Nakubali, tena kwa moyo mweupe. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa tarehe 21 Machi, na kifo cha kwanza kutangazwa kilikuwa Julai. Miezi minne! Wenzetu wa nchi nyingine walikuwa wanazika kwa mamia. Ukali ule ulikuwa na faida yake, nisiwe mtu wa kukataa jua. Lakini muda wa orodha ulikuwepo. Haya, mwalimu wa hesabu, tazama saa yako. Chumvi, sabuni, kiberiti, mkaa, kuni, mafuta ya taa, pedi, nepi, mshumaa, betri ya redio. Sekunde ngapi? Saba! Hotuba ilichukua muda gani?

Tena kanuni ziliandikwa, msidhani hazikuandikwa. Zilitolewa chini ya Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ni ya mwaka 1935, ya enzi za Mwingereza. Zikachapishwa kwa Kiingereza kwenye Gazeti la Serikali. Nani kati yenu amewahi kufungia mandazi kwa Gazeti la Serikali? Hata kwenye mandazi halijafika! Yule askari wa Alhamisi alikuwa na kirungu na kumbukumbu ya alichokisikia jana kwenye televisheni.

Mtasema pia wananchi ni wabishi, hata ungewaandikia wasingefuata. Hilo nalikataa. Wizara ya Afya ilikuja na neno moja la Kiganda, Tonsemberera, usinisogelee. Mtoto wa miaka minne alilijua. Watu walilifuata na wakalifanyia utani, na ukiona watu wanalitania agizo, jua limewaingia. Kitenzi kimoja, mtendaji anajulikana, tendo linajulikana. Huyo "mbishi" wenu alielewa.

Na hapa kwetu mpakani kuna jambo ambalo Kampala hawakulijua. Mpaka ulifungwa kwa watu, malori ya mizigo yakaachwa yapite. Lakini ng'ambo ile, Busia ya Kenya, ni mtaa wetu uleule, na Kenya iliweka kafyu, haikukataza kuuza sabuni mchana. Mliosimama gizani kwenye njia za panya mnajuana, sitazami upande wa mtu. Mwanamke aliyekosa kipande cha sabuni kwenye meza iliyo hatua ishirini kutoka kwake alivuka nchi kukifuata, akasongamana na wenzake kwenye kichaka, akarudi nacho. Kanuni iliyowekwa watu wasichanganyike ndiyo iliyowachanganya, tena Waganda na Wakenya.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo matano, nimemaliza moja. Nitakimbia.

Bodaboda. Ziliruhusiwa kubeba mizigo, si mtu. Kwa hiyo tuliona vioja: gunia la viazi limepanda pikipiki kama bibi harusi, mwenye viazi anatembea nyuma kwa miguu, mtoto mgongoni, na dereva anaendesha polepole asimwache.

Barua za RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, za kumpeleka mgonjwa hospitali, hilo naliruka. Nikilianza tutalala hapa.

Kugawa chakula. Rais alionya kwamba mwanasiasa atakayekusanya watu ili kugawa chakula atashtakiwa kwa kujaribu kuua. Jirani yangu, mama wa watu, hajawahi kugombea hata uongozi wa kikundi cha akiba, akaja usiku na bakuli limefunikwa chini ya leso. Ananong'ona, "Hii ni kugawa, au ni kusaidia?" Bakuli la mihogo! Nikamwambia ingia haraka.

Kiswahili. Katiba yetu ilikifanya lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima. Nafurahi, ndiyo ugali wangu. Lakini mwulize mama wa sokoni Kiswahili gani alikisikia wakati ule. Ondoa. Funga. Kaa chini. Rudi nyumbani. Vitenzi vya amri vitupu, hakuna nomino hata moja inayomwambia aondoe nini.

Na msidhani nafukua kaburi. Ebola ilipoingia Septemba 2022, Mubende na Kassanda zilifungwa Oktoba kwa siku 21, kisha zikaongezewa. Nilikaa karibu na redio nikisubiri kusikia kama safari hii kuna aliyekumbuka mkaa.

Haya, mwenyekiti, umesimama, nami nakaa. Mlangoni kuna karatasi. Nimeandika vitu arobaini vya kwenye kibanda cha kawaida, kwa Kiswahili, Kisamia, Kiteso na Kiganda, kuanzia chumvi hadi utambi wa taa. Mbele ya kila kimoja weka alama: kiuzwe au kisiuzwe. Usiandike jina. Mzee wangu wa nyuma, wewe anza na mkaa. Na afande uliyekaa pale dirishani, nawe chukua yako, ila usitazame ya jirani.