Kodi ya Miezi Sita kwa Mkupuo Inawatoa Watu Mjini

Mwangaluka! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Walionisikia Igoma na Buhongwa wanajua nitakachosema, nami nitakirudia mpaka kieleweke. Mwanza vyumba vipo. Kinachomshinda mtu ni kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Kuna dada mmoja anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Biashara yake mnaijua: wakati wa giza, taa za wavuvi zinavuta dagaa na hela inaonekana; mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inalala na yeye analala nayo. Akapata chumba na sebule Kitangiri, anatembea kwa miguu mpaka sokoni. Kodi 70,000 kwa mwezi. Anaimudu, hata mwezi mbaya anaimudu. Mwenye nyumba akataka miezi sita: 420,000. Dalali naye mwezi mmoja: 70,000. Tayari 490,000, na hapo hujahesabu hela ya kupelekwa kuona chumba, wala kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha kubeba kitanda. Mtu ambaye mtaji wake wote ni magunia mawili ya dagaa!

Akasubiri zamu yake ya kikoba, kile kikundi chao cha kuwekeana akiba. Zamu ilipofika, chumba kimeshachukuliwa. Dalali akampeleka kwingine, hela ya kuoneshwa akalipa upya. Mwisho akaenda Kisesa, mbali nje ya mji, kodi 35,000, mwenye nyumba akakubali miezi mitatu. Mtasema amepata nafuu. Nafuu gani? Anatakiwa Mwaloni saa kumi alfajiri, daladala hazijaanza. Anapanda bodaboda, kila siku ya soko, kutoka Kisesa mpaka Kirumba! Ile tofauti ya 35,000 haimalizi hata wiki. Yaani huyu dada analipa zaidi ya yule anayekaa Kitangiri, na usingizi anaukosa, kwa sababu tu hakuwa na nusu milioni siku moja.

Naona wenye nyumba wanatikisa vichwa. Najua hoja zenu. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi anasumbua, anahama usiku na deni. Januari kuna ada za watoto. Kuna bati za chumba kinachofuata. Mama yangu anapangisha vyumba Mabatini, kwa hiyo haya nimekua nayo. Lakini bati zile unazinunua kwa hela ya nani? Unamkopa mpangaji, bila riba na bila dhamana, na mpangaji huyo ana kipato kidogo kuliko chako. Mama anapokea miezi mitatu mitatu. Ana daftari la mistari. Anayelipa anaandika tarehe, kiasi na mwezi kodi inapoishia, wote wawili wanasaini. Chumba hakikai tupu kwake. Ninyi mnaomsubiri mtu wa miezi sita, chumba kikilala miezi miwili mmeshapoteza theluthi ya hiyo kodi mliyokuwa mnaing'ang'ania. Pigeni hesabu jamani!

Wengine wananiambia, sheria itatusaidia. Ile sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano, na kwenye mapatano asiye na pa kulala hana nguvu. Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi ya 1999: mkataba usiotaja muda unahesabiwa kwa vipindi, na notisi ya kuuvunja isiwe fupi kuliko kipindi kimoja cha kulipia. Kwa hiyo unayelipa kwa mwezi, mtu hawezi kukuambia leo utoke kesho. Akikutolea vyombo nje, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na uende na karatasi yenye saini.

Muda unaniishia, haya nayapitia haraka. Chumba cha mlimani, Igogo au Isamilo juu, usikilipie kabla hujafungua bomba mwenyewe. Ziwa unaliona lote dirishani, lakini maji ya kufulia yanapandishwa ngazi za mawe kwa ndoo, na kila ndoo ni hela. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Ukinunua umeme wewe, umeilipa ya mwenye nyumba, mwombe aipunguze kwenye pango. Udalali usiutoe kabla hujaonana na mwenye nyumba uso kwa uso. Wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT na vyumba vya Malimbe, hilo linataka siku yake.

Wenyeviti wa mitaa mliopo, nina ombi moja kwenu. Nimeleta mkataba wa ukurasa mmoja, malipo ya miezi mitatu, una nafasi ya muhuri wa mtaa. Nakala ziko pale mezani. Mwenye nyumba atakayekuja kwenu na mpangaji, mpeni hiyo. Haya, maswali. Tuanze na mama wa kule nyuma, ameinua mkono tangu nilipotaja dalali.