Cheti cha Veterani: Mwenye Kauli Ni Nani?

Ndugu zangu mliovaa gwanda la Marekani, na nyinyi mliokuwa mkibaki nyumbani mkihesabu siku, karibuni. Leo ni cheti cha biashara ya veterani, yaani aliyewahi kutumikia jeshi, kile kinachokufungulia zabuni za serikali kuu ya Marekani. Naona wengi mmekuja na DD-214, ile karatasi ya kuagwa jeshini, mkononi. Irudisheni mkobani. Karatasi hiyo ndiyo inayosumbua watu kidogo kuliko zote, maana utumishi wako SBA (shirika la serikali la biashara ndogo) wanauhakiki wao kwa wao na VA (idara ya mambo ya veterani). Inamsumbua zaidi yule aliyepata uraia akiwa jeshini, akapunguza jina la babu, na sasa SAM (daftari la serikali la wanaotaka zabuni) inamjua kwa majina mawili wakati VA inamjua kwa matatu. Kama ni wewe, sawazisha majina kabla hujagusa fomu.

Tangu 1 Januari 2023 cheti kinatolewa na SBA, siyo VA. Anayewaelekeza VA ana habari za zamani, na anayesema unaweza kujitangazia mwenyewe kwamba wewe ni veterani mwenye ulemavu ukapewa zabuni, huyo ndiye wa zamani kabisa.

Sasa nakuja kwenye wimbo wangu, na waliokwisha kuusikia wanivumilie, kwa sababu bado tunaanguka palepale.

Asilimia 51. Kila mtu anaijua. Anaandikisha LLC (kampuni yenye dhima ya kikomo), anajipa 51, shemeji anapewa 49 kwa sababu ndiye aliyetoa hela ya gari na mashine za kusafishia mazulia, basi wanaona kazi imekwisha. Haijaanza. Hiyo 51 inajibu swali la nani mwenye mali. Swali la pili ni nani mwenye kauli, na jibu lake liko kwenye mkataba wa uendeshaji wa kampuni, ule mlioupakua bure kwenye intaneti, mkajaza majina, mkatia sahihi bila kusoma.

Tuufungue. Ukurasa wa tano au wa sita pameandikwa kwamba maamuzi makubwa yatapitishwa kwa kura za asilimia 75 ya hisa. Piga hesabu. Wewe una 51. Hufiki 75 mpaka shemeji akubali. Maana yake huwezi kukopa, huwezi kuajiri meneja, huwezi kusaini pango la ofisi. Mkaguzi wa SBA akisoma hapo, haoni bosi. Anaona mtu anayeomba ruhusa. Ombi limekwama.

Wengine wanafuta 75 wanaandika "wingi wa kura", wanashangilia, halafu wanasahau kifungu cha akidi kilicho mistari minne chini yake: kikao hakitakuwa halali bila wanachama wote kuhudhuria. Shemeji hana haja ya kupiga kura ya hapana. Anabaki nyumbani anaangalia mpira, kikao kinakufa. Akidi nayo lazima itimie kwa veterani peke yake.

Na angalieni kifungu cha meneja. Umetajwa wewe kuwa meneja, vizuri, lakini nani anaweza kukuondoa? Kama shemeji anaweza kukuondoa bila kura yako, sawa tu na hamna kitu.

Najua kuna mtu anasema moyoni: sasa huyu anataka nimnyang'anye shemeji yangu haki yake, na hela ni yake? Sikusema hivyo. Kanuni yenyewe imemwekea orodha fupi ya mambo ambayo anaweza kuyazuia, kama vile kuingiza mwenye hisa mpya, kuvunja kampuni, kuuza kampuni au mali zake zote, kuungana na kampuni nyingine, na kutangaza kufilisika. Yaandikeni yale ya kwenye orodha ya kanuni tu, mmalize kwa nukta. Msiandike "mambo makubwa yakiwemo". Neno "yakiwemo" linafungua mlango, na mlango ukiwa wazi kila kitu kinapita. Kununua gari la pili halimo kwenye orodha. Kufungua akaunti halimo.

Mwingine atasema: sisi tunaaminiana, mkataba uko kabatini tu. Mkaguzi hajawahi kula kwenu. Anachokijua kuhusu undugu wenu ni karatasi.

Na shemeji huyohuyo asigeuke kuwa benki ya kampuni, wala asiwe ndiye mwenye leseni ambayo bila hiyo hamfanyi kazi. Asiye veterani, ana hisa, na kampuni inamtegemea kwa pumzi, hapo wanarudi kuuliza mwenye kauli ni nani. Faida pia ifuate: angalau 51 ya gawio la kila mwaka iende kwa veterani. Mume na mke nusu kwa nusu, mmoja tu akiwa veterani? Haipiti. Wote wawili wakiwa veterani, hisa zao zinahesabiwa pamoja.

Kazi nyingine. Unaendesha lori la kampuni ya watu mchana kutwa, na kampuni yako ya usafi inafanya kazi mchana huohuo? Wanachukulia huiongozi mpaka uthibitishe vinginevyo. Kama majengo yenu mnasafisha usiku, liandike hilo kwa saa na siku. Na aliyehamia Kisumu kupumzika huku kampuni iko Dallas, naye ajiandae kueleza.

Muda unanikimbia, kwa hiyo haya nayapitisha haraka. Vyeti ni viwili. Cha veterani wa kawaida faida yake iko kwenye zabuni za VA. Cha veterani mwenye ulemavu uliotokana na utumishi kinafanya kazi serikali kuu nzima, na lengo la serikali la fedha za zabuni kwenda kwao limepanda kutoka asilimia 3 hadi 5. Barua ya VA yenye ulemavu wa asilimia sifuri inatosha, msiitupe.

SAM ni bure. Maombi ni bure. Barua zinazokuja zikidai dola mia kadhaa za kuhuisha usajili ni za vishoka. APEX Accelerators (vituo vya ushauri wa zabuni) na VBOC (vituo vya biashara za veterani) wanasaidia bila malipo.

Ukubwa wa kampuni: kwa usafi wa majengo, msimbo wa sekta 561720, kikomo cha kuhesabiwa biashara ndogo ni wastani wa mapato ya dola milioni 22 kwa mwaka. Sioni mwenye tatizo hilo humu ndani.

Cheti kinadumu miaka 3; dirisha la kuhuisha linafunguka siku 120 kabla ya kuisha. Umiliki ukibadilika, toa taarifa ndani ya siku 30. Ukikataliwa, rufaa ni siku 10 za kazi, la sivyo unasubiri siku 90 uombe upya. Kugawa kazi kwa wakandarasi wengine siligusi leo, lina mambo yake.

Aliyekuja na mkataba wake asogee hapa mbele. Tunaanza na kifungu cha akidi.