Prelection: mhadhara wa kusomewa

Haya wandugu, mliosimama nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Leo nina neno moja tu la Kiingereza, ambalo hata Waingereza wenyewe wengi hawalijui, prelection, tamka prilekshen, na maana yake ni mhadhara, kama huu huu ninaowapa sasa hivi.

Limetoka Kilatini. Prae ni mbele, legere ni kusoma, kwa hiyo ni kusoma mbele za watu, na legere hiyo hiyo ndo imezaa lecture. Quintilian, mwalimu wa Roma karne ya 1, alishauri hivyo hivyo, maandishi yasomwe kwa sauti darasani halafu mwalimu awafafanulie vijana. Vyuo vya Ulaya vikaja kuendeleza, maana kabla ya mashine ya kuchapa kitabu kilinakiliwa kwa mkono na bei haishikiki, mwenye nacho ni mwalimu, wewe kaa usikilize.

Sasa hapo ndo ugomvi ukazuka, wanafunzi wanataka asome polepole ili waandike kila neno. Chuo kikuu cha Paris mwaka 1355 kitivo cha sanaa kikapiga marufuku, mwalimu aende spidi ambayo akili inashika ila mkono hauwahi, na mwanafunzi atakayezomea au kurusha mawe nje mwaka mzima. Mawe jamani! Sisi chuoni tulikuwa na mwalimu anatusomea madesa yaliyopauka, yani anakohoa palepale alipokohoa mwaka jana, na hakuna aliyerusha hata karatasi.

Cambridge mpaka leo kuna cheo cha praelector, yani msomaji, ila kusoma alishaacha, kazi yake siku ya mahafali ni kuwapeleka wahitimu wanne wanne mbele ya makamu mkuu wa chuo au anayemwakilisha, kila mmoja kamshika kidole chake kimoja cha mkono wa kulia, kama watoto wanavushwa barabara.

Sisi lakini neno letu, mhadhara, ni la Kiarabu, ukoo mmoja na hadhara, hadhira, kuhudhuria, yani kuwepo. Mzungu kaangalia kitabu, sisi tumeangalia nani kaja. Mwalimu akijisomea ukumbi mtupu, prelection labda itakuwa imefanyika, mhadhara hapana. Ila tusijisifu sana, hata sisi tuna somo, na somo limetoka kusoma, basi tumewafuata mlemle.

Haya, mwenye swali? Wewe hapo nyuma, uliyegoma kusogea.